Vumbi la Feni

Sikukusudia kushuka Baraka. Nilikuwa nakwenda Uvira, baada ya Uvira nilifikiria Bujumbura, na baada ya Bujumbura sikuwa nimefikiria kitu. Nilitoka Kongolo kwa miguu, diploma yangu ya sekondari nimeifunga katika mfuko wa plastiki, nikafika Kalemie nyayo zimevimba na viatu nimevishika mkononi. Pale nilikaa msimu mmoja nikipakua magunia bandarini. Kisha nikapanda boti ya mbao iliyobeba mawese, mbuzi, na watu waliokimbia vita.

Siku ya pili tulipishana ziwani na boti nyingine iliyokuwa inatoka kaskazini, imejaa kama yetu. Mama mmoja upande wetu aliwapigia kelele:

"Munaenda wapi? Kule tunatoka kubaya!"

"Na kule munaenda ni vilevile!" wakajibu.

Watu wa boti zote mbili walicheka. Halafu kila boti ikaendelea na njia yake.

Tulilala Kazimia, tukazunguka rasi ya Ubwari, na tulipokaribia Baraka injini ikakohoa na kunyamaza. Wavuvi walituvuta kwa makasia hadi mchangani. Nahodha alisema tutangoja kipuri. Wengine waliketi kivulini kungoja. Mimi tangu utotoni siwezi kuketi, nikapanda kuelekea barabara kubwa, na huko nikaona kibao cha mbao kilichoandikwa kwa chaki: TUNAPIGA MASHINI. Kupitia dirishani nilimwona mwanamume akiandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili, polepole, kama kuku anayechagua punje.

Aliinua macho. "Unaangalia nini? Weye unajua kupiga?"

"Najua ile ya zamani, ya misioni. Vidole vyote."

"Vidole vyote!" Alimgeukia mkewe aliyekuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwa lile, mlangoni. "Mama, Mungu ametuletea muntu mwenye vidole."

Boti ilipopata kipuri chake iliondoka bila mimi.

Nilimwita Yaya, yaani kaka, na mkewe nikamwita shemeki, yaani shemeji. Yaya alikuwa mwalimu kabla ya mishahara kukoma. Kompyuta ile ilitoka Bujumbura kwa boti, imefungwa ndani ya godoro, na ilikula umeme kwa waya mrefu kutoka kwa jenereta ya jirani mwenye kinu cha kusaga mihogo. Tuliandika mitihani ya shule, programu za ibada, vibali, matangazo ya misiba. Vita ilipokuwa mbali kidogo tuliandika kadi za arusi.

Adui yetu wa kila siku alikuwa vumbi. Barabara ilipita mbele ya mlango, kinu kilikuwa nyuma, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu na unga mweupe vilikutana ndani ya nyumba yetu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi Yaya alisafisha kompyuta, na alinifundisha kwa ukali zaidi kuliko alivyowahi kuwafundisha wanafunzi hesabu.

"Unaizima. Unachomoa waya kwa ukuta. Sasa finya tena kifungo."

"Si imeshazima, Yaya?"

"Imezima, lakini kuko moto umebaki mu tumbo. Acha ikojoe."

Aliibeba hadi barazani, upande usio na upepo, baada ya shemeki kunyunyizia ardhi maji ili vumbi lisitimke. Alifungua ubavu wake, na kabla ya kugusa kitu cha ndani aliweka kiganja kwenye bati la sanduku. "Salimia chuma kwanza. Mwili yako iko na radi yake kidogo. Weye hauisikie, yeye anaisikia, na anakufa bila kusema." Kisha alichukua brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi. Feni aliizuia kwa kijiti cha kiberiti, isizunguke ovyo wakati wa kupanguswa. Kisanduku cha umeme cha nyuma hakukifungua kamwe. Kitambaa chenye maji kilikuwa mwiko. Kupuliza kwa mdomo pia.

"Mate ni maji," alisema. "Unataka kuitemea?"

Jirani wa kinu alikuja mara moja na pampu ya pikipiki. "Leta mi niipulize, dakika moja imeisha!"

"Puliza unga yako kule!" Yaya alimfukuza. "Hii haisage mihogo."

Mwisho wa mwaka mmoja wa shule tuliandika mitihani ya shule ya Fizi, kule juu. Barabara haikuwa nzuri siku zile. Kila upande ulikuwa na watu wake wenye bunduki. Shemeki alimwambia Yaya angoje msafara kabla ya kuipeleka. Yaya alisema watoto hawawezi kungoja msafara. Jioni kabla ya safari shemeki alimkata nywele, palepale kwenye kiti cha kompyuta, kwa kuwa Yaya hakutaka kuacha kuchapa ukurasa wa mwisho. "Huwezi peleka mitihani na kichwa kama pori," alimwambia. Nakumbuka sauti ya makasi na sauti ya feni pamoja.

Asubuhi alifunga mitihani nyuma ya baiskeli akaondoka.

Baiskeli ilionekana bondeni kando ya barabara, katika majani. Yeye hakuonekana. Watu waliokwenda kutafuta walirudi kabla hawajafika mbali, kwa sababu walisikia risasi. Kisha vita ikashuka hadi mjini, tukakimbilia kando ya ziwa, na tuliporudi nyumba ilikuwa imebebwa: sufuria, magodoro, nguo zote za Yaya, hata kofia yake ya kanisani. Kompyuta waliiacha. Ilikuwa nzito, nadhani, na waya ulikuwa wa jirani. Majuma yaliyofuata tulinunua maandazi sokoni yamefungwa kwa karatasi za ule mtihani wetu wa hesabu. Shemeki aliikunjua moja, akaisoma hadi mwisho, akaacha kula maandazi.

Msiba ulikaliwa. Kwa watu wa nyumba ile, msiba ukiwa bado wazi, hakuna kufagia. Ufagio unawekwa juu ya paa hadi maiti azikwe na watu wanyolewe. Ndipo vumbi la siku zote zile linatolewa nje pamoja na majivu ya moto wa waombolezaji. Kwa kawaida ni siku chache. Lakini sisi hatukuwa na maiti.

Kaka mkubwa wa Yaya, mvuvi wa Lweba, alikuja na wazee wenzake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelia hadi sauti imekauka.

"Tukate mugomba," alisema. "Tuuvike sanda, tuuzike mu nafasi yake. Bazee betu balifanya vile kwa bale balipotea mu maji. Nyumba ifagiwe, watu bapumue."

Shemeki alikuwa ameketi sakafuni. "Mugomba haukunioa," alijibu.

"Basi tutie nguo yake."

"Nguo gani? Nguo yake mutaiona barabarani, iko inatembea na muntu ndani."

Wazee waliinuka. Walirudi Lweba, na ufagio ukabaki juu ya paa.

Kiangazi kiliingia. Vumbi lilifunika sakafu hadi nyayo zetu zikawa zinaonekana kama mchangani. Lilipanda kuta, likaingia katika chumvi. Wanawake kisimani walisema shemeki anafuga vumbi kama wengine wanavyofuga kuku. Mmoja alimuuliza kama limeshataga. Shemeki alijitwisha ndoo yake akarudi nyumbani. Usiku nilimsikia akikohoa.

Na kompyuta, iliyokuwa chakula cha nyumba ile, ilianza kunguruma. Feni ilipiga kelele kama nyuki ndani ya chupa. Ukiandika ukurasa mmoja ilikuwa na joto la chungu, ukurasa wa pili ilizimika yenyewe. Nilimfuata kaka mkubwa hadi Lweba nikamkuta anatengeneza wavu. Nilimweleza kwamba vumbi la ndani ya kompyuta ni kitu kingine, si la nyumba.

Alinitazama. "Mashini iko ndani ya nyumba. Vumbi yake ni ya wapi? Ya Bujumbura?"

Akavuta tena wavu wake.

"Vumbi ikitoka ile nyumba, muntu ametoka. Na hatujamutoa. Ambia shemeki yako akubali mugomba."

Nilirudi nikamwambia. Alichukua ndoo akaenda kisimani. Kesho yake nilikuwa naandika tangazo la msiba wa watu wengine, kompyuta ikazimika, nikangoja ipoe, nikaiwasha, ikazimika tena na harufu ya waya unaoungua. Shemeki alisimama mlangoni.

"Na hii ikikufa," alisema, "kitu gani yake kitabaki?"

"Hakuna, shemeki."

"Ifungue. Lakini vumbi isitoke inje. Hata chembe."

Hivyo niliisafisha kinyume na mafundisho ya Yaya, ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Yaliyobaki niliyafuata yote. Nilizima, nikachomoa, nikafinya kifungo. Nilisalimia chuma. Shemeki alikuwa ametandika kanga nyeupe juu ya meza, na nilikuwa nashusha vumbi kwa brashi taratibu, tonge kwa tonge, lidondoke juu ya kanga. Brashi nyingine tulikuwa hatuna; wezi waliiacha ile kwa kuwa ilikuwa katika tundu la ukuta. Nilizuia feni kwa kijiti cha kiberiti. Kati ya mapanga yake na lile bati lenye meno lililokuwa chini yake palikuwa na donge nene kama la sufi, la kijivu. Nililivuta kwa ncha ya kijiti likatoka zima.

Halikuwa vumbi tupu. Shemeki alilichukua kabla sijasema neno, akalifungua kwa kucha kuelekea kwenye mwanga wa ufa wa dirisha. Zilikuwa nywele. Fupi, ngumu, nyingine nyeupe. Feni huvuta kilicho mbele yake, na jioni ile ya mwisho kilichokuwa mbele yake ni yeye.

"Hii nilikata mimi," alisema. Akaketi. "Hii nilikata mimi mwenyewe."

Sikupata kumwona akilia kabla ya hapo. Alilia kwa muda mrefu bila kuziachia, akigeuza uso pembeni ili asizilowanishe.

Alipotulia alifunga vyote ndani ya kanga, nywele, vumbi, unga wa kinu, mbu waliokauka, hakuchagua. Aliniambia nikamwite kaka mkubwa.

Waliukata mgomba nyuma ya nyumba ya jirani wa kinu. Waliuvika shuka, na kaka mkubwa alipokea lile fundo kwa mikono miwili akaliweka mahali ambapo kifua kingekuwa. "Sasa mugomba uko na mwenyewe," alisema. Tulizika kabla ya saa sita, haraka, kwa sababu milio ya risasi ilisikika upande wa milimani, Bibokoboko au karibu na hapo, na mchungaji alisoma zaburi fupi. Baada ya kunyolewa shemeki aliomba ufagio wake. Hakukubali kusaidiwa. Alifagia kuanzia chumba cha ndani kurudi nyuma hadi mlangoni, na nyayo zetu zote zikafutika, zangu na zake, na kama kulikuwa bado na za Yaya chini yake, nazo pia.

Jioni niliwasha kompyuta. Ilikuwa kimya hata nikadhani haijawaka. Ilifanya kazi vizuri, na ndipo niliposhindwa kukaa. Kila nilipoandika nilihisi shingo yangu iko mahali pa shingo ya Yaya. Shemeki alikuwa ameanza kujifunza kuandika, kwa vidole viwili. Nilimwonyesha nilichojua, na boti ya Uvira ilipotangazwa nikafunga mfuko wangu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Nilimkuta barazani, ardhi imenyunyiziwa maji, ubavu wa kompyuta umefunguliwa. Kiganja kimoja kilikuwa kwenye bati. Alichukua brashi, akatia kijiti cha kiberiti kwenye feni, akainama karibu sana.

"Mi naenda, shemeki."

Alikuwa amebana pumzi asije akaipulizia. Aliinua brashi kidogo, akarudi kwenye kazi yake, nami nikateremka kuelekea majini.