Kabla Hujashuka Durban

Kuna asubuhi moja, mwanangu, haijanitoka moyoni mpaka leo. Nilikuwa kijana hapa mtaani Troyeville, na gari langu la zamani la Kimarekani, injini ya V8 iliyoundwa kwa mashindano. Pistoni zake zilikuwa na vichwa vilivyotuna, zikibana hewa na petroli kupita kiasi. Nikisimama kwenye robot, hizi taa za barabarani, watu walitoka madukani kulitazama. Kichwa kikanivimba.

Fundi wangu alikuwa Papa Kasongo, mzee wa Lubumbashi, mpole, ila ulimi wake haukuwa na breki. Aliniomba nimwachie gari abadili zile pistoni, aweke za vichwa bapa zisizobana sana. Nikakataa. Nikamwambia aisikilize mwenyewe, injini haigongi hata kidogo.

"Mwana, hapa tuko juu, hewa ni nyepesi, ndiyo maana inanyamaza," akasema. "Siku utashuka Durban, kule chini pwani, hewa nzito itaingia, na hii moteri itajivunja yenyewe."

Nikacheka. Wazee bwana, nilisema moyoni, wanaogopa hata hewa.

Haukupita muda, simu ikaja kutoka Durban. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki Tanga, alikuwa mahututi na ananiulizia. Ningeweza kupanda basi. Lakini nilitaka asikie gari la mwanawe likinguruma mlangoni, labda atafurahi. Ujana huo, eish! Nikaondoka baada ya swala ya alfajiri.

Kadiri nilivyoteremka, injini ikaanza kugonga, kama kokoto ndani ya kopo. Ningepunguza mwendo, pengine ningefika. Mimi nikazidi kukanyaga mafuta, nimuwahi mama. Nilipoipita Pietermaritzburg, kwenye mlima, pistoni ikapasuka, moshi ukajaa, gari likazima moja kwa moja.

Nilikaa kando ya barabara hadi mwenye lori akanihurumia. Nilipofika, jua linazama, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Sisi Waislamu hatumcheleweshi maiti, nawe wajua. Binti yake akaniambia mama alikata roho adhuhuri, na kila gari lililopita nje alikuwa akiuliza, "Huyo si yeye?"

Sasa nawe umenunua gari lako, lenye pistoni kama zile zangu, na jana nimekusikia ukimwambia mwenzako mtaliacha hivi hivi kwa sababu linanguruma vizuri. Linanguruma, ndiyo. Langu nalo lilinguruma. Mpelekee fundi abadili pistoni, mwanangu. Nguvu zitapungua kidogo, na kwenye robot huenda asigeuke mtu. Na iwe hivyo. Gari la barabarani husifiwa kwa kufika. Tena mzee akikuonya, usimcheke kwa kuwa leo hujaona anachokiona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika njia ya Durban, halijaunga.

Mungu akufikishe salama kila uendako, mwanangu, na akukutanishe na wanaokungoja wakiwa bado wanakungoja.