Kodou Jobe na Jiwe Lililoanguka

Sauti ya Kodou Jobe hufika kwangu kabla yake. Akitoka gulioni na beseni la samaki wakavu kichwani huanza kunitukana akiwa bado nyumba ya nne, na hakuna anayeshangaa. Yeye ni Jobe na mimi ni Njie, na koo zetu ni watani tangu enzi za mababu. Mimi ni Njie mara mbili, kwa kuzaliwa na kwa ndoa, maana marehemu mume wangu, Sait, alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo. Kwa hiyo matusi ya Kodou nayapata maradufu.

Nimefundisha shule ya hapa Niani tangu nikiwa msichana, na watu waliosoma vyuo wamekaa sebuleni kwangu. Hakuna hata mmoja ninayemshukuru kama mwanamke huyu muuza samaki.

Pembeni mwa shamba letu la karanga kuna duara la nguzo za mawe mekundu, ndefu kuliko mtu, zilizosimamishwa na watu wa kale ambao hata majina yao hatuyajui. Ukoo wetu ndio uliopewa kuzitunza. Sait alizifyekea majani na kuzilinda na moto, kama baba yake. Alipofariki nilimwambia mdogo wake, Biram, kwamba kazi hiyo sasa ni yake.

Nilikuwa mwezi wa pili wa eda, sitoki uani, Biram alipokuja amejaa vumbi. Nyuki walikuwa wamewavamia maksai wakati wa kulima. Maksai walikimbia na plau, mnyororo ukanasa kwenye nguzo kubwa kuliko zote, na nguzo ikalala chini. Haikuvunjika, ila ilikuwa imelala.

Kabla ya magharibi maneno yalikuwa yamefika kwangu kupitia kwa waliokuja kunipa pole. Mwenye mawe amekufa na mawe yanamfuata. Nyumba ile ina kisirani. Mkuu wa kijiji naye alikuwa amesema kwamba baada ya sala ya Ijumaa watazungumza kama ukoo mwingine upewe kazi hiyo. Nikajiona nimekaa na nguo zangu za eda huku jina la mume wangu likiondolewa shambani, nami siwezi hata kwenda kulitetea.

Nilimwagiza Biram afunike nguzo kwa mabua ya mtama ili watu wasizidi kuja kuitazama, na asiseme zaidi mpaka tupate trekta. Kodou alipoingia nikamsihi naye anyamaze. Alinitazama kama mtu anayetazama samaki aliyeoza.

"Mwalimu, unaficha jiwe kubwa kuliko ng'ombe?" akasema. "Niachie mimi."

Kesho yake alisimama katikati ya gulio akatangaza kwamba Njie ni walafi kiasi kwamba wamelipindua jiwe la wazee kutazama kama chini yake kuna wali. Biram aliponiletea habari hiyo, uso uliniwaka. Nilitamani nisimwone tena. Lakini Biram mwenyewe alikuwa anajizuia kucheka. Gulio zima lilicheka, akasema, na tangu hapo hakuna aliyelitaja neno kisirani. Watu wakitaja jiwe, wanataja wali.

Kisha Kodou akawageukia Jobe wenzake. Mtani anayekucheka ndiye anayebeba mzigo wako siku ya shida, hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Alhamisi asubuhi Jobe wa vijiji vitatu walifika shambani na kamba za visimani na magogo, na wasio Jobe wakawafuata kutazama, wakajikuta wanashika kamba.

Biram alikuwa akija kwenye ukuta wa ua kunieleza. Walipozoa udongo kwenye shimo la ile nguzo, waliona ukuta mmoja wa shimo umesimama wima na ule wa pili umelazwa kama mteremko. Miaka yote niliwafundisha watoto kwamba watu wa kale waliyachonga mawe haya yakiwa yametoka ardhini punde tu, bado laini, kabla jua halijayakaza. Mtoto akiniuliza waliyasimamishaje, nilijibu kwamba walikuwa na nguvu nyingi. Kumbe walikuwa na mteremko. Kitako cha jiwe kiliserereka nao mpaka kikagonga ule ukuta wima. Hapo wengine wakavuta kwa kamba, wengine wakainua kwa magogo, na kila jiwe lilipopanda kidogo wanawake walijaza kokoto chini yake ili lisirudi.

Niliusikia wimbo wao kutoka chumbani, mstari kwa mstari. Ghafla ukakatika. Nikasimama na tasbihi mkononi, sikumbuki nilikuwa nasoma nini. Ndipo nikasikia sauti ya Kodou ikiwalaani Njie wote, walio hai na waliokufa, kwa uzito wa mawe yao, nikajua limesimama, nikaketi chini nikalia kwa furaha.

Ijumaa mkuu wa kijiji alilileta lile suala. Mzee wa Jobe akasimama.

"Tukiwanyang'anya Njie mawe yao," akauliza, "sisi tutamcheka nani?"

Mkuu mwenyewe alicheka, na mazungumzo yakaishia hapo. Biram ndiye anayefyeka mpaka leo.

Siku eda ilipokwisha nilioga, nikavaa nyeupe, nikaenda kuitazama nguzo pamoja na Kodou. Ilikuwa imeinama kidogo upande wa magharibi.

"Imeelekea kwetu," akasema. "Hata jiwe la Njie linajua wapi kuna chakula."

Nilichukua kokoto nikairusha ikatua juu ya nguzo, kama tunavyofanya kuwaheshimu wazee. Halafu nikamwambia asante, bila utani. Akajibu kama watu wetu wanavyojibu asante, kwamba jambo hilo ni letu sote, akajitwisha beseni lake.

Kila Idi ya kuchinja mimi humpelekea paja zima la kondoo. Mwaka huu alinirudishia mfupa, na salamu kwamba Njie wameila nyama njiani.