Uji wa Wakwe na Taya Lililofungwa Waya

Haya, chekeni mapema mmalize, kwa sababu aibu niliyoipata siku ile kwetu Ruiru, mbele ya wageni wa heshima waliotoka Gatuanyaga na vibuyu vyao, sijaona mwingine akiipata, na mimi mwenyewe nikiikumbuka hufunika uso kwa leso hata nikiwa peke yangu jikoni. Lakini msidhani ninaomba radhi. Aibu niliona, kujuta sikujuta.

Ilianza na baiskeli ya kaka yangu Kamau. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa msichana wa kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu, na msichana kupanda baiskeli kulikuwa ni jambo la kuitiwa wazee, lakini mimi niliipanda, tena nikawa hodari (nasema ukweli, Kamau mwenyewe hakunifikia), mpaka siku niliposhuka ule mteremko wa kwenda mtoni na breki zikakataa. Nikatua kwa kidevu juu ya jiwe. Jino moja la mbele lilibaki pale pale, na taya likavunjika mahali pawili.

Hospitalini Thika daktari wa upasuaji alinipasua chini ya kidevu akaunganisha mfupa, halafu akachukua waya nyembamba akayafunga meno ya juu na ya chini pamoja, kama mtu anayefunga mlango wa banda la kuku. Akaniambia nisilazimishe mdomo kufunguka mpaka mfupa ushike. Kuongea ningeweza, kwa meno yaliyobanwa hivyo hivyo, na muuguzi alinihimiza niongee, akasema mate yakitoka nifute tu. Lakini mimi na maringo yangu! Nilijaribu mara moja, mate yakanitiririka mpaka kifuani mbele ya wagonjwa wengine, nikaamua kwamba sisemi neno tena mpaka waya zitoke. Uamuzi mdogo tu, jamani, na ndio ulioniponza.

Nyumbani nikawa mtu wa uji. Kamau alinikatia kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu katikati, nikawa ninakipitisha kwenye pengo la jino na kuvuta. Hilo pengo lilikuwa ndilo mlango wangu wa pekee.

Sasa, mama yetu alikuwa ameshafariki, na aliyetulea ni dada yake baba, ambaye tulimwita Tata. Mwanamke wa kanisa, mchapakazi, na mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu. Kuona bandeji tu akaanza kumwambia baba, "Huyu msichana amejiharibu. Bandeji ikitoka watu wataona huo mshono, na nani atakuja hapa? Tumuoze sasa, kabla hawajauona uso." Aliyasema hayo nikiwa nimeketi papo hapo, maana mtu asiyeongea watu humdhania hata hasikii. Mchumba alishampata: Mzee Ndung'u wa Gatuanyaga, mjane mwenye ng'ombe wengi na watoto wa rika langu. Nikatikisa kichwa kukataa. Tata akamwambia baba, "Umeona maumivu yanavyomsumbua?"

Sisi tulikuwa watu wa kanisa, kwa hiyo pombe haikuingia kwetu, lakini desturi ya posa haikuondoka, ilibadilisha kinywaji tu. Wageni huleta uji wa kuchacha kwenye vibuyu. Baba humwita msichana mbele ya watu, humuuliza, "Tunywe?" Msichana akitaka kuolewa, huonja yeye wa kwanza kisha humpa baba. Asipotaka, haonji, na wageni hurudi kwao. Nikajiambia basi hakuna shida, sitaonja, na mdomo wangu sitaufungua. Nilijiona mjanja sana.

Siku yenyewe Tata alinivalisha gauni jipya, akanifunika kitambaa kichwani na kidevuni, na akaninyima uji tangu alfajiri ili nisijichafue. Akaniweka nyuma ya nyumba ya jikoni nisubiri. Nilisubiri jua likapanda, likawa la utosi, na huko uani wazee walikuwa bado wanaulizana habari za mvua na mifugo. Jamani, njaa ya mtu wa uji si kama njaa yenu. Tumbo lilinguruma mpaka kuku wakahama.

Nikaingia jikoni, nikaona vibuyu vimesimama ukutani. Vya kwetu, nikafikiri, kwa kuwa Tata naye alikuwa amepika uji wa wageni tangu juzi yake. (Kwa kweli sikufikiri. Nilinusa tu.) Nikachomeka kikonyo changu, nikavuta. Ngai! Uji ulikuwa mkali kidogo, mzito, umechacha sawasawa. Nikavuta tena, nikafumba macho kabisa.

Nilipoyafumbua, mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja mnene, dada yake Mzee Ndung'u, amefuata vibuyu vyao. Vyao! Akanitazama, akatazama kibuyu, kisha akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Murera.

"Ameonja! Hata hajaulizwa! Bibi arusi ameonja mwenyewe!"

Nikataka kukitoa kikonyo, kumbe kimenasa kwenye waya. Nikavuta, wapi! Yule mama akanishika mkono, akanikokota uani mbele ya wazee wote na kikonyo cha mpapai kikinichomoza usoni. Nikakivuta kwa nguvu, kikakatika, na uji uliokuwa mdomoni ukamwagika juu ya gauni jipya. Watoto waliangua kicheko. Mzee mmoja akageuka upande kwa heshima, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tata akasimama. "Baba Kamau, unangoja nini? Mdomo wake hauwezi, lakini koo limeshasema. Kunyweni!"

Nikatikisa kichwa. Wanawake wakasema, tazama anavyoona haya. Nikatikisa tena, wakaanza kuimba. Nikamwona baba anainua pembe ya kunywea iliyojaa uji, na nikaelewa kwamba akimeza tone moja tu, mimi ni wa Gatuanyaga mpaka kufa, na yote hayo kwa ajili ya maringo yangu ya kuogopa mate.

"Sitaki!"

Ilitoka kwa meno yaliyobanwa, na mate, na uji, na kipande cha kikonyo. Nikaendelea, maana aibu ilikuwa imeshafika mwisho, haikuwa na pa kwenda tena. "Nilikunywa kwa njaa! Simtaki! Uso ni wangu, na mshono ni wangu, na sijamwomba mtu anifiche!"

"Haiya!" Tata akapiga kelele. "Unatuaibisha mbele ya watu!"

"Aibu ni yangu," nikamwambia, mate yananitoka mpaka kiunoni na siyafuti. "Wacheni niivae mwenyewe."

Baba akaniuliza taratibu, kama inavyotakiwa, "Nyokabi. Tunywe, au tusinywe?"

"Msinywe, Baba."

Akaiweka pembe chini. Wageni walianza kukusanya vitu vyao kwa manung'uniko, isipokuwa Mzee Ndung'u, ambaye alilichungulia gauni langu, halafu akauliza, "Lakini mwanangu, huo uji ulikuwa mtamu?" Nami, ambaye sijui kudanganya, nikaitikia kwa kichwa. Akacheka mpaka akashika fimbo. Sikumtaka, lakini tangu siku hiyo nilimheshimu.

Kwa hiyo sikilizeni, nyinyi wasichana: usiguse kibuyu jikoni kabla hujauliza kimetoka kwa nani. Hilo niliapa na sijalivunja.

Daktari aliponikata zile waya na mfupa umeshika vizuri, Tata, aliyekuwa hajaniamkia tangu siku ile, alinipokea mlangoni akaniuliza kama sasa nimejifunza kufunga mdomo. Nikaufungua wote, ukauma kweli kweli, nikamwambia, "Tata, mdomo huu umefungwa mara moja tu, na aliyeufunga alikuwa daktari."