Aliyoyasema Dina Kikundini

Jenifa alijifungua mtoto wake wa kwanza wakati wa kuvuna alizeti, na ukoo mzima wa mumewe pale Iguguno ulifurahi isipokuwa yeye mwenyewe. Hakujua kwa nini. Alimwosha mtoto, alimnyonyesha, alimbeba mgongoni, lakini alifanya hayo yote kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Jina la mtoto, Peniel, lilichaguliwa na bibi yake, na Jenifa alikubali kwa sababu hakuwa na jina lingine moyoni.

Mumewe, Manase, hakuwepo kuliona hilo. Tangu chama cha ushirika kilegee na watu binafsi waruhusiwe kununua mazao, alikuwa akizunguka vijijini kumkusanyia alizeti tajiri mmoja wa Singida mjini. Akija nyumbani alikula, alilala, akaondoka tena. Mama mkwe, Bi Marietha, alimwona mkwewe akilia jikoni, akadhani ni moshi au uvivu wa uzazi. Alimwambia hata yeye alichoka alipomzaa Manase, na hakuna aliyemwuliza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemwuliza Jenifa. Dina alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walipata kipaimara siku moja, wakiwa wamevaa magauni ya kitambaa kimoja. Sasa Dina alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha usharika wa kanisa lao, mwanamke mchangamfu ambaye hakuweza kuona tatizo akalipita. Alimkuta Jenifa amekaa uani na ungo wa mtama ambao hakuupepeta, mtoto akilia ndani.

"Mama Peniel, una nini?"

Jenifa alichota mtama kiganjani, akaumwaga tena ungoni. Kisha akasema, akiutazama mtama, "Nilikwenda lamboni na mtoto. Nikasimama pembeni ya maji. Nikawaza nikimwachia, nami nikamfuata, tutapumzika wote. Halafu nikaogopa, nikarudi mbio. Dina, usimwambie mtu."

Dina alimshika mikono yote miwili. "Nimwambie nani? Wewe ni ndugu yangu. Yatabaki hapa hapa."

Ni Dina pia aliyempeleka kituo cha afya. Tabibu Laurian aliwasikiliza wote wawili, akamwomba Dina atoke nje, akamwuliza Jenifa maswali kuhusu usingizi, chakula na mawazo yake. Jenifa alijibu kidogo, ila kuhusu lambo hakusema.

"Huu ni ugonjwa," tabibu alisema. "Unawapata wanawake wengi baada ya kuzaa, na hapa hatuna mtu wa kuutibu. Nitakuandikia rufaa uende hospitali ya misheni. Kuna muuguzi aliyesomea mambo ya akili. Hatakuchoma sindano. Utakaa naye mzungumze, na utarudi mara kadhaa."

"Nikasemeshwe tu?"

"Ukasemeshwe, na usikilizwe. Ni dawa kama dawa nyingine."

Akamwita Dina ndani, akaeleza kwamba siku hizi matibabu si ya bure kama zamani, kila mgonjwa anachangia. Lakini misheni ingebeba nusu ya gharama kama usharika wake ungethibitisha kuwa hana uwezo na kubeba nusu iliyobaki. Dina aliposikia hayo alitabasamu. "Hilo niachie mimi," alisema. Jenifa alirudi nyumbani na karatasi ya rufaa kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue alilala mpaka jogoo wakawika.

Kikundi kilikaa Alhamisi kanisani. Jenifa hakwenda, Dina alimwambia hakuna haja. Baada ya siku chache Dina alileta habari kwamba akina mama wamekubali wote kulipa ile nusu. Jenifa alimshukuru sana, akamfungia mayai kwenye kitambaa.

Jumapili iliyofuata, pale bombani, alikuta wanawake wamesimama na ndoo zao wakizungumza. Walipomwona, wakanyamaza. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyemzoea, alimtwisha ndoo bila kumtazama usoni. Aliporudi nyumbani, Peniel hakuwa kitandani. Nepi zake zilizoanikwa kwenye kamba hazikuwepo.

Alimkuta nyumbani kwa mama mkwe, amelala kwenye mapaja yake. Bi Marietha hakupandisha sauti.

"Mtoto atakaa hapa. Ataletwa kwako kunyonya, na mimi nitakuwepo. Habari za lambo nimezisikia kanisani, Jenifa. Mimi, bibi yake, nimezisikia kwa watu."

Jenifa alimgusa mtoto mguuni. Alitoka akaenda moja kwa moja kwa Dina, akamkuta anapika.

"Uliwaambia."

Dina aliweka mwiko chini. "Nisikilize. Nilianza vizuri. Nikasema dada yetu anaumwa, ana rufaa. Wakauliza anaumwa nini. Nikasema hana raha tangu azae. Wakacheka. Mmoja akasema, kila aliyezaa amechoka, mbona sisi hatukulipiwa kwenda kuzungumza? Walikuwa wanakataa, Jeni. Ningefanya nini?"

"Ungeacha wakatae."

"Usitibiwe?"

"Ungeniuliza. Ungekuja ukaniuliza kama niko tayari waambiwe."

Dina alilia, na katika kulia kwake alirudia kwamba alitaka kumsaidia. Jenifa aliona kuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Dina angekuwa adui, yeye angejua la kufanya.

Alikwenda hospitali kwa sababu kutokwenda kungekuwa kupoteza kila kitu. Muuguzi aliitwa Mama Elina, mtu mzima mwenye miwani, na walikaa kwenye benchi nyuma ya wodi, mahali pasipopita watu. Jenifa alimwamkia shikamoo, kisha akaanza kukunja ncha ya kanga yake. Mama Elina alisubiri.

"Nikisema, maneno yatafika Iguguno?" Jenifa aliuliza hatimaye.

"Yatabaki hapa."

"Hata rafiki yangu alisema hivyo hivyo."

Mama Elina hakujitetea. Alisema, "Basi leo usiseme la mtoto. Niambie la rafiki." Siku ile walizungumza habari za Dina tu, tangu magauni ya kipaimara. Safari iliyofuata pia. Ilipita muda mrefu ndipo Jenifa aliposema habari za maji ya lambo, na aliposema, Mama Elina hakushtuka. Alisema ni ugonjwa unaomletea mtu mawazo kama hayo, na kwamba Jenifa alirudi mbio na mtoto mikononi, jambo hilo nalo lisisahauliwe.

Kisha muuguzi akamwomba Jenifa ruhusa, akamwita Manase. Alikuja na vumbi la magunia mabegani, akasikiliza ameinamisha kichwa. Njiani wakirudi aliuliza jambo moja tu.

"Kwa nini ulimwambia Dina, hukuniambia mimi?"

"Hukuwepo," Jenifa alijibu.

Manase hakukasirika. Kesho yake alikwenda kwa mama yake, wakazungumza kutwa nzima. Bi Marietha alikubali kumrudisha mtoto kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ahamie kwa mwanawe. Alilala chumba kimoja na mkwewe na mjukuu mpaka mvua zilipoanza. Jenifa alivumilia. Polepole alianza kumtambua mwanawe: namna alivyokunja uso kabla ya kupiga chafya, namna alivyonyamaza akisikia mchi kinuni. Asubuhi moja Peniel alicheka, naye akajikuta amecheka pia. Bi Marietha, aliyekuwa mlangoni, aliona, akaenda kukusanya vitu vyake.

Matibabu yalipokwisha, Mama Elina alimruhusu. Kikundi kilimalizia kulipa nusu yake kama kilivyoahidi, na siku ya ibada Dina alisimama akamshukuru Mungu kwa uponyaji wa dada yao. Watu waligeuka kumtazama Jenifa. Alitazama mbele.

Dina hakuacha kuja. Alileta sabuni, alileta maharage, alimrusha Peniel juu na kumwita mwanangu. Jenifa alimpa kiti na chai, akamwuliza hali ya nyumbani kwake. Siku moja Dina alikizungusha kikombe mikononi bila kunywa.

"Jeni, mbona siku hizi huniambii kitu?"

"Nakwambia. Jana mbuzi wa jirani wameingia kwenye mihogo, wamekula mstari mzima."

Dina alisubiri, akidhani kuna linalofuata. Jenifa alimwongezea chai, akamchukua mtoto kutoka mapajani kwa Dina, akaanza kumvalisha sweta.