Siku Niliyokwenda Mvumi Kumchukua Neema

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu. Ni ile niliyoshuka kwenye basi pale Mvumi, nimevaa gauni la kuazima, nimekuja kumchukua binti yangu Neema. Nilikuwa nimetoka gerezani wiki ile ile. Nakusimulia wewe kwa sababu umetoka juzi, na nasikia umeshafunga mzigo uende kumchukua wako. Kaa kwanza. Basi lipo kila siku.

Kilichonifunga utakicheka. Sisi Wagogo huwekeana ng'ombe. Ndugu anakuletea ng'ombe wake, wewe unamfuga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wake. Na mtu mwenye adabu hamuulizi ndugu yake ng'ombe kamtoa wapi, maana ni sawa na kumwita mwizi. Basi shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akaniletea ng'ombe na ndama. Nikafungua zizi, nikashukuru. Wenyewe walipofika na polisi, shemeji alikuwa ameshatokomea, na mali ya wizi iko kwangu. Nilimwambia hakimu kwamba kwetu hatuulizi. Akanitazama kwa huruma, nadhani, halafu akanifunga.

Neema alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea. Akachukuliwa na wifi yangu Perisi, aliyekuwa akiishi Mvumi na mama mkwe wangu. Gerezani nililima, nilishona, nililia, na muda wote nilimwona mtoto akinikimbilia.

Hakunikimbilia. Alikuwa ameshaanza shule. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo," kisha akajificha nyuma ya Perisi na kumshika kanga. "Mama, huyu mgeni nani?" akamuuliza.

Mwanangu, siku ya hukumu haikuniuma vile. Nilimvuta mkono, nikamwambia mama ni mimi, kusanya nguo twende. Mtoto akapiga mayowe, Perisi akaanza kulia, na mimi nikamwita Perisi mwizi. Mtu aliyenilelea mtoto wakati sina hata sabuni ya kumfulia!

Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mlenda. Hakupaza sauti.

"Mwachie mkono."

Nikamwachia.

"Mwenye ng'ombe akija kumwona ng'ombe wake kwa watu, anaanza na kushika kamba?"

"Hapana, mama."

"Anafanyaje?"

"Anasalimia. Anakaa. Anakunywa maziwa anayopewa."

"Na aliyemfugia?"

"Anamshukuru, mama."

"Kwa ng'ombe unajua adabu, ila mtoto unamburuta kama uko mnadani. Keti ule."

Nikala ugali wa uwele na mlenda huku machozi yananitoka. Nikamshukuru Perisi. Kisha nikaondoka peke yangu.

Nikapata kibarua Makutupora, kupogoa mizabibu. Wenzangu walikuwa wakisogeza mikoba yao nikipita. Niliona, na iliniuma, ila nilirudi kazini kila asubuhi. Nikipata nafasi nilikwenda Mvumi na zabibu kwenye kikapu. Nilikaa, nilisaidia kutwanga, nilimsuka Neema akikubali; asipokubali nilimsuka Perisi. Ikapita miaka. Neema akaanza kuniita Mama wa Makutupora, akawa anakuja kwangu shule zikifungwa. Nilikuwa naitika, ingawa nilitamani aniite mama tu.

Mwaka jana aliposwa. Siku ya mahari, wazee wakanipa kamba ya ng'ombe wa mama. Nikaiweka mkononi mwa Perisi.

"Wifi, mimi nimelea tu, sikuzaa," akasema.

"Ndiyo maana nakupa."

Tukawa tunasukumiana kamba mbele ya wakwe kama watoto. Neema akatoka ndani, na biharusi hatakiwi kutoka, akatushikisha kamba sote. "Mama," akaniambia mimi, "mfugeni pamoja." Aliniita mama, basi, bila Makutupora.

Nilitaka kulia, lakini kwanza nikawageukia wakwe. "Samahanini, ng'ombe huyu mmemtoa wapi?" Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilingoja nijibiwe.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, ila usiende kuchukua. Nenda kusalimia. Mshukuru aliyekulelea mwanao kabla hujamgusa mtoto, na kula utakachopewa hata kama hakipiti kooni. Mtoto akikupa jina usilolipenda, itika. Tafuta kazi, ushike kazi, waache wafiche mikoba yao. Na ukiletewa kitu, uliza kimetoka wapi, hata kama aliyeleta ni ndugu, hata kama atanuna.

Mungu akufungulie mlango wa nyumba ile. Akupe subira ya kukaa pale watakapokukalisha. Na siku mwanao atakapokuita mwenyewe, akujalie uwe karibu, usikie.