Tulikuwa Tukipima Wanawake Tu

Siku yangu ya kwanza kazini katika kituo cha afya Tunduma, Mganga Msaidizi aliyekuwa mkuu wetu alinikabidhi hadubini kwa mikono miwili. "Bwana mdogo," akaniambia, "hii ikianguka, anguka nayo." Umeme hatukuwa nao. Chini ilikuwa na kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo siku ya mawingu maabara ilipumzika. Nyinyi wa leo mnaobonyeza kitufe mtacheka.

Mpakani pale magonjwa ya zinaa hayakukosekana. Kisonono tulikiona kwa hadubini, tukakitibu kwa sindano za penisilini. Malengelenge ya sehemu za siri yalitushinda. Yanaletwa na virusi, vidogo mno kwa hadubini yetu, na sindano haiyagusi. Yanakauka yenyewe, kisha yanarudi yakipenda. Nayajua vizuri, maana niliyapata kabla sijaoa. Nilipata na kisonono pia, nikajichoma sindano kwa siri, nikaiacha dozi katikati nilipoona nafuu.

Wanandoa waliokosa mtoto walipofika, tulimpima mke. Mume alikaa kwenye benchi akisubiri majibu. Ndivyo nilivyoikuta kazi, na sikuuliza. Hata nyumbani kwangu ilikuwa hivyo. Mke wangu Sekela, binti wa Ileje, alitimiza mwaka wa nne bila mimba. Hospitali ya wilaya walimpima wasione kasoro, lakini wazee wangu wa Igamba walishapanga kikao cha kumrudisha kwao, nami nilikuwa nimekubali.

Wiki ya kikao akaja mfanyabiashara wa nguo, mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma. Malengelenge yalikuwa yakimrudia, na mkewe hakuwa ameshika mimba.

"Daktari," akauliza kwa sauti ya chini, "haya madude yameniua uzazi?"

Nikaenda kwa mkuu.

"Mpime yeye," akasema. "Kwenye kioo cha pili cha kupimia weka mbegu za mwanamume mzima kabisa, upate kulinganisha."

Mwanamume mzima kabisa, nikajichagua mwenyewe.

Kwenye kioo cha mfanyabiashara mbegu zilikimbia kama siafu waliotibuliwa. Kwenye changu hapakuwa na kitu. Nikafuta lenzi, nikaielekeza hadubini kwenye jua vizuri, nikarudia baada ya siku tatu. Hapakuwa na hata moja. Mkuu alichungulia, akauliza ni cha nani, nikamwambia.

"Malengelenge hayazuii uzazi, bwana mdogo. Kisonono kisichotibiwa vizuri ndicho huziba njia. Mkeo anajua?"

Jumamosi, kikaoni Igamba, nilisimama kabla baba mkubwa hajafungua maneno.

"Wazee wangu, asiyezaa ni mimi. Nimejipima."

"Acha hayo, mwanangu," mama akasema. "Mwanaume hakosi mbegu."

Nikaeleza yote, kisonono na malengelenge. Sekela, aliyekaa mkekani karibu na mlango, akainua uso.

"Yale malengelenge uliyosema nimeyaleta kutoka kwetu?"

"Ni yangu. Mimi ndiye niliyekuambukiza."

Nilidhani ningesifiwa kwa kusema kweli. Nilidhani angebaki. Sekela alisimama, akajifunga khanga vizuri.

"Kwaherini, wazee. Mmeniitia kuondoka, naondoka. Ila sirudishwi na mtu. Naondoka mwenyewe."

Tangu hapo, kila kituo nilichohamishiwa, Mkwajuni hadi Msangano, nilipima mume kwanza. Mganga Mkuu wa Wilaya mmoja alinigombeza kwamba nawaudhi wanaume. Nilimwitikia "Ndiyo, Bwana Mganga", kisha nikaendelea kuwapima.

Sasa nimestaafu. Sekela aliolewa tena Ileje, akazaa watatu. Nilipopata habari nilifurahi, na niliumia. Vijana huniuliza kama najuta kujianika mbele ya ukoo. Hapana. Kinachoniuma ni ile miaka minne, alipokuwa akinywa dawa za mizizi kila asubuhi ili apone ugonjwa wangu, nami nikimuaga, "Nakwenda kazini, kupima watu."