Maziwa ya Kutapisha

Mwaka 2012 nilihamishwa kutoka Kakuma kuja Lodwar, nikapangiwa chumba cha dharura. Nilidhani nitahangaika na kuumwa na nyoka. Wapi! Kilichotusumbua zaidi ni mafuta ya taa. Huko Kakuma na hapa Lodwar yaliuzwa katika chupa za soda, na kwa joto lile mtoto akiona chupa haulizi maswali.

Alasiri moja aliingia bibi Mturkana, mjukuu wake mgongoni, mkononi kibuyu cha maziwa ya mbuzi. Mtoto, msichana mdogo, alinuka mafuta ya taa kuanzia mdomoni hadi kwenye gauni. Alikuwa anakohoa, na kikohozi kile sikukipenda hata kidogo.

"Daktari, napatia yeye maziwa mingi," bibi alisema. "Atatapika, mafuta itatoka yote."

Mimi ni muuguzi, lakini haikuwa saa ya kumsahihisha. "Hapana, mama. Akitapika, mafuta itaingia kwa kifua. Hapo tutampoteza."

"Hii maziwa nimekamua juu ya ugonjwa. Hairudi nyumbani."

Akaanza kufungua kibuyu. Nilikasirika, na niliogopa pia. Nikakipokea kwa mikono miwili kama mgeni aliyekaribishwa, nikayanywa yote nimesimama. Yalinuka moshi wa kibuyu na yalikuwa matamu ajabu. Bibi alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Ubishi ukaishia hapo.

Tulimvua mtoto lile gauni, tukamwosha, tukamwekea oksijeni. Sikubanduka kitandani pake. Nilitazama kifua chake kikipanda na kushuka huku tumbo langu likinguruma, na kila liliponguruma bibi alinitania kwamba dawa imeanza kufanya kazi. Jioni kikohozi kilipungua, nikaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta ameketi, anadai ngakipi, maji. Nilifurahi nusura nilie. Nikamletea kikombe cha bati kimejaa. Alikishika, akaingiza pua ndani, akanusa. Hakuridhika. Akamsogezea bibi yake. Bibi naye akainama, akanusa taratibu bila kucheka, akamwitikia kwa kichwa.

Ndipo mtoto akanywa, akamaliza, akaomba mengine.